Moshi wa Istanbul: kutoka upanga wa Sultani hadi mlango wa mkahawa



Siku moja tulikuwa tunamsinga biharusi, mikono bado imejaa liwa, akatuuliza jambo ambalo hatukulitegemea. Mchumba wake anavuta sigara. Hana lawama nyengine kwake, kijana ana adabu na ana kazi yake. Lakini yeye ana pumu tangu utotoni, na nyumba waliyokodi ina vyumba viwili tu. "Nimwambie asivute ndani, au nitaonekana nimeanza kumtawala hata nikaha haijapita?" Bibi mmoja aliyekuwa akichambua asumini akamjibu kwa upole kwamba sigara ya mwanamme ni yake mwenyewe. Akamwambia afukize udi tu, nyumba itanukia.

Hatukumbishia bibi, na kwa kweli hakukosea kuhusu zama zake. Karibu dunia nzima iliamini hivyo, kwamba moshi ni mali ya mwenye sigara na aliye karibu naye atajijua. Tukataka kufahamu fikra hiyo ilibadilika lini, na nani aliyeibadilisha. Kisa kilichotushika zaidi ni cha mji wa Istanbul, kwa sababu mji huo ulikatazwa kuvuta mara mbili. Mara ya kwanza palitumika upanga, na haikufaa kitu.

Tumbaku ilifika huko mwanzoni mwa karne ya 17, na mara moja ikapata rafiki yake, mkahawa. Masheikh wakahitilafiana. Hili ni jambo ambalo halikuwepo zama za Mtume (SAW), kwa hiyo wapo waliosema haramu, wapo waliosema makuruhu, na wapo walioliona halali. Mwaka 1633 moto mkubwa uliunguza sehemu kubwa ya mji. Sultani Murad IV akafunga mikahawa na kupiga marufuku tumbaku, na adhabu ikawa kifo. Mhubiri mashuhuri Kadızade Mehmed alikuwa upande wake. Sababu iliyotajwa ni moto, lakini wanahistoria wengi wanaona pana jengine. Kaka yake Sultani, Osman II, aliuliwa na askari wake mwenyewe mwaka 1622, na mkahawani ndipo askari na raia walipokaa kuzungumza habari za serikali. Mtawala mwenye hofu hapendi watu wakusanyike.

Mwanachuoni Kâtip Çelebi, aliyeishi siku hizo, ameeleza kilichotokea katika kitabu alichokiandika mwaka 1656. Askari walificha viko vifupi kwenye mikono ya kanzu na mifukoni, na wengine walivuta hata pale wenzao walipokuwa wakichinjwa kwa kosa hilohilo. Kambini walikwenda kuvutia vyooni. Kila amri ilipozidi ukali, hamu nayo ikazidi. Sultani akafa mwaka 1640, na muda si mrefu Sheikhul-Islam Bahai Efendi akatoa fatwa ya kuruhusu. Bahai mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na bila shaka watu walinong'ona. Kâtip Çelebi anamtetea kwa kusema hakufuata matamanio yake, bali alitazama hali ya watu.

Tuliposoma mabishano yale yote tukaona pana mtu aliyesahauliwa. Walijadili mvutaji, dhambi yake, mali yake anayoichoma, harufu ya kinywa chake. Mke anayelala ubavuni mwake hakuulizwa.

Ilimbidi mke huyo asubiri karibu karne tatu na nusu, na jibu lake likatokea mbali kabisa, nchini Japani. Daktari Takeshi Hirayama aliwafuatilia wake 91,540 wasiovuta, wa miaka 40 na zaidi, kwa muda wa miaka 14. Mwaka 1981 akatangaza alichokiona: wake wa wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu takriban mara mbili ya wake wa waume wasiovuta. Wanawake hawa hawakuwahi kutia sigara mdomoni. Kampuni za tumbaku zilimwandama na kutafuta wataalamu wa kumpinga, lakini tafiti nyengine zikaja na jibu lilelile. Mwaka 1986 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akakubali rasmi kwamba moshi wa mtu huweza kumuua asiyevuta. Baadaye wahudumu wa ndege wa huko, wengi wao wanawake waliofanya kazi miaka na miaka ndani ya moshi wa abiria, walizishitaki kampuni za sigara mwaka 1991. Kesi ikaishia kwenye suluhu mwaka 1997, kwa dola milioni 300 za kugharamia utafiti.

Kwa maoni yetu hapo ndipo rai ya umma ilipogeuka. Kuanzia hapo kukatazwa kuvuta hakukuwa tena kumwingilia mtu starehe yake, kulikuwa ni kumlinda jirani yake. Ireland ilipokataza kuvuta kwenye baa na sehemu zote za kazi, mwezi Machi 2004, wenye baa walilia kwamba wamefilisiwa. Mwaka mmoja baadaye watu 93 kwa kila 100 walisema sheria ni nzuri, na hata wavutaji wengi walikuwa miongoni mwao.

Turejee Istanbul. Uturuki ilikuwa imeshakataza kuvuta kwenye mabasi, hospitali na skuli tangu 1996. Tarehe 19 Mei 2008 marufuku ikapanuliwa, na tarehe 19 Julai 2009 ikaingia kwenye mikahawa yenyewe, palepale Murad alipotia kufuli. Wenye mikahawa walilalamika sana. Lakini safari hii hapakuwa na upanga, palikuwa na faini, matangazo ya televisheni na watu wengi waliokwisha kuridhika. Mwaka 2008 zaidi ya nusu ya walioingia mikahawani walikutana na moshi wa wengine. Mwaka 2012 walikuwa kama 13 kwa kila 100.

Tuliposoma habari za majumbani tukasita. Sheria ile haiingii ndani ya nyumba ya mtu, hakuna askari anayebisha hodi kuangalia kisahani cha majivu. Hata hivyo katika miaka hiyohiyo moshi wa majumbani nao ulipungua, tena sana. Mwanamme aliyezoea kutoka nje ya mkahawa akaanza kutoka nje ya sebule pia.

Tusipambe hadithi. Wavutaji wa Uturuki walishuka kutoka watu wazima 31 hadi 27 kwa kila 100, lakini kufika 2016 wamerudi 31. Usimamizi ulilegea, na watu wana njia zao, muulize Murad. Kwetu pia sheria si ngeni: Tanzania ilitunga yake mwaka 2003 na Kenya mwaka 2007, nayo Kenya ikakataza na shisha mwisho wa 2017. Kila mmoja wetu lakini anajua ukumbi wa harusi ambako sheria hizo hazijawahi kufika, na biharusi aliyefukizwa udi mchana kutwa anarudi nyumbani usiku nguo zikinuka sigara za wageni.

Biharusi wetu tulimhadithia kisa cha wake wa Japani, akamhadithia mchumba wake. Hakusema "usivute", alisema "mimi ndiye nitakayekohoa". Wameoana sasa, alhamdulillah, na kisahani cha majivu kimehamia barazani. Tatizo lililobaki ni kwamba barazani ndipo anapokaa mama mkwe kila jioni, na yeye naye sasa ameanza kulalamika.