"Mimi ni Mvutaji": Jina Hili Limetoka Wapi?

Kijana akisema "mimi ni mvutaji", husema kana kwamba kazaliwa na jina hilo. Historia yakataa. Tumbaku ilitoka bara la Amerika baada ya 1492, na kiwanda cha sigara cha Jinja kilianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kuwa kuvuta hadharani kwahatarisha uhai wa wengine. Sheria ya 2015 yakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 21, na shisha ni marufuku.

Basi mwanangu, jina la kuvaa huvuliwa. Sema: "Navuta, nataka kuacha." Nanyi wazazi, msimbandike jina, mshikeni mkono.