Sikio la dubu

Jirani yangu mzee, hapa kaskazini mwa Manchester, alinikabidhi chungu chenye mche mmoja wa orikula na onyo moja: mvua isiuguse. Nilishangaa. Ua lenye asili ya miamba ya Alps, lililozoea kufunikwa na theluji, litadhuriwa vipi na manyunyu?

Kinacholindwa ni unga wake. Majani na maua ya aina nyingi za mashindano yana unga mweupe, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa akapakwa poda. Tone la maji au kidole kikipita, alama haifutiki.

Katika miaka ya 1570, mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliotesha maua haya Vienna, alipokuwa akimtumikia Kaisari Maximilian wa Pili. Kwa Kilatini yaliitwa sikio la dubu, kwa umbo la majani. Kufikia 1597, John Gerard alikuwa ameyaandika katika kitabu chake cha mimea huko London. Yalikuwa maua ya wenye nafasi.

Wapo wanaosema wakimbizi wafumaji kutoka Flanders ndio walioyaleta Uingereza. Hadithi hiyo siitegemei. Wafumaji ninaowaenzi mimi ni wale wa Lancashire walioyatunza mwishoni mwa karne ya 18. Kitanda cha kufumia nguo kilikuwa nyumbani, karibu na dirisha refu la kupitisha mwanga. Wingu likitanda, mtu aliacha kazi, akashuka, akaingiza vyungu ndani, kisha akarudi kwenye nyuzi zake. Jua kali likichomoza, aliviweka kivulini. Jicho lililozoea kutafuta uzi uliokatika ndilo lililopima kama duara jeupe katikati ya ua ni kamili.

Mashindano yalifanyika kwenye vilabu vya pombe, na zawadi iliyosifika ilikuwa birika la shaba. Mbolea nayo ilikuwa na siri zake: mwaka 1815 Isaac Emmerton alichapisha kanuni ya kuchanganya udongo na kinyesi cha bata bukini kilicholowekwa katika damu ya ng'ombe. Mimi natumia mboji iliyooza vizuri na changarawe, maana mizizi ikikaa kwenye maji huoza.

Kisha mashine za mvuke zikawavuta wafumaji viwandani. Aliyefungiwa humo kutwa nzima angeliokoaje ua na mvua ya saa nane mchana?

Mbegu ya orikula haizai ua lililo sawa na mama yake. Aina ikipendwa, hubaki kwa njia moja tu: kutenga chipukizi linaloota ubavuni, na kulipanda peke yake. Kwa hiyo aina ya kale ikiwapo leo, kila kizazi palikuwa na mtu aliyekumbuka kufanya hivyo. Aina nyingi zilikosa mtu huyo, zikapotea.

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mwezi Mei, maua yalipokwisha, niliutoa mche wake chunguni, nikakuta machipukizi matatu. Moja nimempelekea binti yake.