Mama mlezi pekee (Tana River)
Mama mlezi pekee, mitaani akiitwa singo mama, ni mwanamke anayelea watoto bila mwenzi, awe mjane, mtalikiwa au hajapata kuolewa. Katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, ufukara wake hautenganiki na Mto Tana: Mpokomo, mkulima, hutegemea mpunga, ndizi na maembe ya kingoni, na Muorma, mfugaji, maziwa ya ng'ombe, hivyo mafuriko au ukame ukiingia, mama hubaki na mkeka anaousuka jioni, ukili kwa ukili, autembeze sokoni. Mapigano ya 2012 na 2013 baina ya wakulima na wafugaji, yaliyoua watu zaidi ya 100, yaliongeza wajane pande zote mbili. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama asiyeolewa jukumu la kwanza la malezi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikawabebesha wazazi wote wawili sawasawa, wawe wameoana au la. Hata hivyo, matunzo, yaani fedha za kumlea mtoto, baba akikaidi hudaiwa mahakamani, na kwa mama wa vijiji vya delta ya Tana kesi huanzia kwenye nauli ya kufika mahakama ya Garsen, barabara ikiwa haijazama.