Aburĩria

Aburĩria, kwa jina rasmi Jamhuri Huru ya Aburĩria, ni nchi ya kubuni ya Kiafrika katika riwaya ya Mũrogi wa Kagogo ya mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Mji mkuu wake ni Eldares, sarafu yake ni buri, na mwenye nchi ni mtu mmoja ambaye riwaya nzima haimtaji kwa jina. Anaitwa Mtawala, basi. Riwaya iliandikwa kwa Kikuyu na ikaanza kutoka Nairobi mwaka 2004. Mwandishi mwenyewe aliitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo, Wizard of the Crow, ikachapishwa mwaka 2006, kitabu kizito cha kurasa zaidi ya 700.

Tawala za kidikteta za kubuni ni nyingi, na nyingi hutisha kwa ubaridi wake: mashine, faili, kamera, watu wasio na sura. Aburĩria ni ya aina nyingine. Hapa dola ina mwili. Inaona kwa macho ya nyama, inasikiliza kwa masikio ya nyama, inavimba, inanuka, na inasemekana ina mimba. Msomaji anacheka sana kabla ya kugundua kwamba watu wanakufa.

Mtawala

Mtawala ni kiongozi wa pili wa Aburĩria. Alijijenga wakati wa Vita Baridi kwa kuwaua wale aliowaita wakomunisti, na mataifa ya Magharibi yakamwona rafiki wa kutegemewa. Ametawala muda mrefu kiasi kwamba urefu wa utawala wake ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza ugonjwa wake. Riwaya inafunguliwa kwa maelezo matano ya watu wa mitaani juu ya maradhi hayo: kuna wanaosema ni hasira iliyomjaa, wengine laana ya beberu, wengine miaka mingi mno ya kukaa kitini, wengine machozi ambayo mkewe alikataa kuyatoa, na wengine pepo wanaofugwa ikuluni. Mwandishi hachagui hata moja. Uvumi ndicho chombo cha habari cha nchi hii, kwa kuwa chombo rasmi kina habari moja tu, nayo ni Mtawala: akila, akipiga chafya, akipiga miayo, kamera ipo. Mkenya aliyekua miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa. Taarifa ya habari ya redio na televisheni ya taifa ilianza na Mtukufu Rais hata siku ambayo hakufanya lolote la kutangazwa.

Adhabu aliyopewa Rachael, mke wa Mtawala, ndiyo inayoonyesha vyema jinsi mamlaka haya yanavyofanya kazi. Kosa lake ni kumuuliza mumewe kuhusu wasichana wa shule anaowaita kitandani. Hakupigwa wala hakuuawa. Alijengewa nyumba katika shamba lililozungushiwa ua, na humo wakati ukasimamishwa. Saa zote zimekwama pale alipouliza swali lake. Mavazi ya watumishi, chakula mezani, wimbo wa kanisa kwenye santuri, vyote ni vya jioni ile ile. Atatoka siku atakayolia na kuomba radhi. Rachael halii, na kwa kuwa halii anakuwa mtu pekee nchini ambaye Mtawala ameshindwa kumvunja. Waandishi wengi wangemfanya kuwa mhusika wa pembeni. Ngũgĩ amempa sehemu chache, lakini machozi yasiyotoka yanabaki juu ya kitabu kizima.

Mawaziri

Njia ya kupanda cheo Aburĩria ni kwenda Ulaya kwa daktari wa upasuaji. Markus, mbunge wa kawaida, alikwenda London akaongezwa macho yakawa kama balbu za umeme, apate kuwaona maadui wa Mtawala popote wajifichapo. Akarudi akiitwa Machokali, akapewa wizara ya Mambo ya Nje. Silver Sikiokuu alikwenda Paris, akaongezwa masikio, akakabidhiwa upelelezi wa ndani. Benjamin Mambo alitamani jeshi. Akarefushwa ulimi ili amri zake zisikike mbali, ulimi ukakataa kurudi kinywani, ikabidi midomo nayo ipanuliwe iupokee. Aliishia wizara ya Habari, na hapo ndipo pake hasa.

Watatu hawa si mapambo ya kuchekesha. Machokali na Sikiokuu wanachukiana, na Mtawala anaufuga uhasama wao kwa uangalifu kuliko anavyoishughulikia nchi: leo anamwinua huyu, kesho anamnong'onezea yule. Idara ya siri inayoitwa M5 inawapeleleza wananchi, na mawaziri wanapelelezana. Aliye karibu na kiti anajua kwamba hata yeye anaweza kutoweka. Machokali, mwenye macho makubwa kuliko wote, anatoweka kweli, na nchi haipewi maelezo ya kueleweka.

Mnara na foleni

Mradi mkuu wa serikali ni Mwendo wa Mbinguni, jengo litakalofika juu kabisa ili Mtawala awe anamwamkia Mungu kila siku. Machokali aliutangaza kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Mtawala, na fedha zilitarajiwa kutoka Benki ya Ulimwengu, taasisi ya kubuni ambayo msomaji wa Afrika anaijua bila kutambulishwa. Wajumbe wa benki wanafika Eldares, wanakirimiwa, huku ombaomba wamejaa nje ya hoteli yao. Mfanyabiashara Titus Tajirika anateuliwa mwenyekiti wa ujenzi, na kabla tofali moja halijawekwa, watu wenye haja ya zabuni wanamletea rushwa kwa magunia.

Si kwamba Ngũgĩ alitia chumvi sana. Mwaka 1989 serikali ya Daniel arap Moi ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, likiwa na sanamu kubwa ya Rais. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua za kupinga, akatukanwa bungeni, na hatimaye wafadhili walirudi nyuma na mpango ukafa.

Foleni zina historia yake pia. Nje ya ofisi ya Tajirika wanajipanga wanaotafuta kazi, wakikutana na wanaokuja kutafuta zabuni, na mstari unakua mpaka unalizunguka jiji. Watu wanajiunga bila kujua mbele kuna nini. Mwanzoni serikali inafurahi na kudai wananchi wamejipanga kuunga mkono mnara. Ikija kutambua kwamba umati uliopangika bila amri ni hatari, inapiga foleni marufuku. Wakenya walikuwa na mlolongo wao: katika mchujo wa uchaguzi wa 1988 wapigakura walisimama hadharani nyuma ya mawakala au picha za wagombea, na aliyekuwa na mstari mfupi aliweza kutangazwa mshindi. Katika riwaya mstari huo huo unageuka kuwa silaha ya waliokuwa wakihesabiwa.

Upinzani

Vuguvugu la Sauti ya Wananchi ni chama cha siri kinachoongozwa na Nyawĩra, ambaye mchana ni katibu wa ofisi ya Tajirika. Silaha za kwanza za vuguvugu ni nyoka wa plastiki waliotawanywa katika sherehe za Mtawala, na viongozi wa serikali wakatimua mbio. Baadaye, siku ya kuzindua eneo la mnara, wanawake wanajipanga kama kikundi cha ngoma, wanamgeukia Mtawala kwa mgongo na kupandisha sketi zao. Laana hiyo inaeleweka katika jamii nyingi za Kiafrika. Machi 1992, kina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai kufunguliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa, walivua nguo mbele ya polisi waliokuwa wakiwapiga.

Mwenzake Nyawĩra ni Kamĩtĩ, kijana aliyesoma biashara India akarudi akakosa kazi. Usiku mmoja wanafukuzwa na polisi, wanajificha ndani ya nyumba, na Kamĩtĩ anatundika mlangoni mifupa na tangazo kwamba hapo ni kwa mchawi anayeangusha hata kunguru. Askari wanakimbia. Kesho yake mmoja wao, konstebo Arigaigai Gathere, anarudi akiwa mteja: anataka kupandishwa cheo. Ndivyo Mganga wa Kunguru anavyozaliwa, na wateja wakubwa hawakawii kuja. Tiba yake ni maongezi zaidi kuliko mizizi. Tajirika anapofika akiwa amekwama kwenye neno moja, asiweze kuendelea, Kamĩtĩ anamtoa kile kilichomkaba kooni: hamu ya kuwa mzungu. Hapo kitabu kinasema kwa kicheko jambo ambalo insha nyingi za siasa zimelisema kwa uchovu.

Wanawake wa vuguvugu wanaanzisha pia baraza lao la kuwahukumu wanaume wanaowapiga wake zao, na Tajirika anaadhibiwa na baraza hilo. Mtawala anaghadhibika kuliko alivyoghadhibika juu ya mnara. Amri ndani ya nyumba, kwake, ni sehemu ya dola.

Kuvimba na kuzaa

Mtawala anakwenda New York kuomba mkopo, benki inakataa, na mwili wake unaanza kuvimba. Unavimba mpaka nguo hazimtoshi, mpaka milango haimpitishi. Madaktari wa Marekani wanashindwa na kuupa ugonjwa jina refu. Mganga wa Kunguru anaitwa kutoka Eldares. Mtawala anaporudi nyumbani, uvumi ni kwamba ana mimba. Mwishowe anapasuka, moshi na harufu mbaya vinalifunika jiji, na yeye anajitokeza mzima akitangaza kwamba amejifungua: amezaa demokrasia ya vyama vingi, na yeye ndiye kiongozi wa vyama vyote. Balozi wa Marekani, Gabriel Gemstone, alikuwa amekwisha mweleza kwamba Vita Baridi vimekwisha na mambo yabadilike. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na balozi wa Marekani aitwaye Smith Hempstone, aliyesema hadharani kwamba misaada itakwenda kwa nchi zinazofungua siasa. Novemba 1991 wafadhili walizuia misaada mipya, na kabla ya mwaka kwisha kifungu cha 2A cha katiba kilichohalalisha chama kimoja pekee kilifutwa. Moi alishinda uchaguzi wa 1992 na wa 1997.

Riwaya na serikali za kweli

Ngũgĩ alijua gharama ya kubuni. Alikamatwa Desemba 31, 1977 baada ya tamthilia ya Kikuyu ya Ngaahika Ndeenda kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, akakaa gerezani Kamiti bila kufikishwa mahakamani mpaka Desemba 1978. Kutoka 1982 aliishi uhamishoni. Riwaya yake Matigari ilipotoka 1986, serikali ilisikia kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anayezunguka akidai haki, ikataka akamatwe. Ilipobainika kwamba ni mhusika wa kitabuni, polisi walikusanya nakala za kitabu madukani mwaka 1987. Katika fasihi ya Afrika Mashariki hakuna uhakiki uliowahi kumsifu mwandishi kiasi hicho.

Wasomaji wamemlinganisha Mtawala na Moi, Mobutu na Idi Amin. Kumfunga kwa mmoja wao ni kumpunguza. Aburĩria ni nchi ya kubuni ili kila msomaji aone jirani yake humo, na ikibidi nyumbani kwake.

Baada ya Mtawala

Utawala wa kidikteta hauishii kwa Mtawala. Tajirika, aliyekwisha panda hadi serikalini, anachukua nchi kutoka mikononi mwake na kujiita mfalme mkuu Titus Flavius Vespasianus Whitehead, akiwa amejibadilisha ngozi kwa msaada wa madaktari hadi sehemu ya mwili wake ni nyeupe. Wakati huo wazo jipya limeingia mezani: nchi ikabidhiwe makampuni yaiendeshe, iwe koloni la hiari. Sehemu hii imeandikwa kwa haraka kuliko zile za foleni na uvimbe, na utani wake ni mkavu zaidi. Mganga na Nyawĩra wamenusurika na wanaendelea na kazi ya siri. Machokali haonekani tena.