WAGENIA: MUGINI KATIKATI YA MUJI

Mugeni anayefika Kisangani huonyeshwa upesi Wagenia, mugini wa wavuvi kwenye maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Stanley alipita hapo mwaka wa 1877. Mwaka wa 1883 akaacha kituo karibu, nacho kikawa Stanleyville, inayoitwa Kisangani tangu 1966. Basi, si Wagenia waliohamia mujini. Muji ndio uliowafuata.

Ndiyo sababu wana utawala wa namna mbili. Amri ya 1931 ilianzisha makao ya watu wa muji yaliyo nje ya mila. Ile ya 1933 ikapanga utawala wa masultani. Komini zikafuata mwishoni mwa miaka ya 1950. Burugumestre huangalia mambo ya serikali. Sultani na wazee hulinda mila ya maji. Kila jamaa ina mahali pake kwenye maporomoko, ambapo husimika miti mirefu na kufunga migono, na watoto hurithi mahali pale.

Burugumestre hubadilika, mipaka ya maji hubaki. Lakini wazee wakifariki bila kufundisha, ni karatasi gani itakayoonyesha mwamba ule ni wa nani? Vijana, ulizeni mapema.