Saa ya seva haiendi likizo: askari, familia yake na masomo ya mbali tangu Kabete

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma matatu na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimefutwa kazi. Sijafutwa. Nilikuwa na shughuli ya kifamilia, na shughuli hiyo ndiyo imezaa makala haya. Leo hakuna msimbo wa kunakili. Leo ni historia, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mwanajeshi. Huu ni mwaka wa pili anasomea shahada ya uzamili kupitia mtandao. Mwezi uliopita alikuwa kazini, mahali ambapo sijui na sitauliza. Mtandao ukapatikana saa nne usiku, akafungua jaribio la dakika 40, na dakika ya 11 mtandao ukaenda zake. Saa ya seva haikwenda popote. Iliendelea kuhesabu hadi sifuri, kisha ikawasilisha majibu matano kati ya ishirini. Alipomwandikia mhadhiri alijibiwa kwamba sheria ni moja kwa wanafunzi wote.

Dada akanipigia simu. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niambie basi, huyu mtu aendelee ama aache? Kwa sababu hii karo ni mabati ya nyumba yetu, na mimi ndiye nalala saa saba nikimpigia chapa kazi zake."

Sikuwa na jibu. Mimi nina shahada moja tu, ya sayansi ya kompyuta, na niliisoma nikiwa sina mke, mtoto wala bunduki. Nikaanza kutafuta wengine waliopitia njia hii waliwezaje. Nilidhani nitaanzia miaka ya juzi, wakati intaneti ilipopata kasi. Nilijikuta Kabete, mwaka wa 1925.

Mwaka huo ndio Jeanes School ilianzishwa pale Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwafunza walimu ambao wangezunguka kuzisaidia shule za vijijini. Jambo lililonishangaza ni kwamba mwanafunzi hakuja peke yake. Alikuja na mke na watoto, wakapewa nyumba ndogo palepale shuleni, na mke naye akawa na masomo yake. Sisemi ilikuwa paradiso. Ilikuwa shule ya kikoloni, yenye fikra za kikoloni kuhusu Mwafrika anafaa kujua nini, na mafunzo ya mama yalikuwa ya usafi na mapishi kuliko kitu kingine. Lakini mtu fulani, alipokuwa akipanga shule ile, aliketi akahesabu kwamba mwanafunzi mtu mzima ana watu nyumbani. Wazo hilo ukiliweka pembeni ya mfumo wowote wa masomo ya mtandao uliopo leo, utaona ni nani aliyelikumbuka. Mimi sijaona.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, jeshi liliitumia Jeanes School kwa mahitaji yake, na walimu wa jeshi wakafunzwa pale. Karibu Wakenya 100,000 walihudumu katika vita hivyo. Huku Ukambani tunajua habari hizo bila kufungua kitabu, maana King's African Rifles ilipenda sana kuandikisha vijana wa Kikamba. Ni nadra kupata boma la zamani hapa ambalo halina hadithi ya babu aliyefika Ethiopia, Madagaska au Burma. Jenerali Jackson Mulinge, wa kutoka hapa Machakos, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986, aliingia KAR wakati wa vita hivyo.

Wengi wao walijiunga bila kujua kusoma. Jeshi likagundua kwamba askari asiyesoma ni vigumu kumfanya fundi wa redio, karani au dereva wa lori, kwa hivyo likaunda kikosi cha elimu, East African Army Education Corps, chenye walimu Waafrika waliofuatana na askari. Kulikuwa na magazeti ya Kiswahili pia, mojawapo likiitwa Askari. Darasa lilikuwa pale kikosi kilipo. Kikihama, darasa nalo lilihama.

Hapo ndipo nilipoanza kuona umbo la jambo lenyewe. Shule ile ilijengwa kwa kudhani kwamba mwanafunzi ataondoka ghafla. Kuondoka halikuwa kosa lake, ilikuwa ndiyo kazi yake. Hakuna aliyemwambia askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akiwa bonde la Kabaw mwaka wa 1944, kwamba amechelewa kuwasilisha.

Upande wa pili wa dunia Wamarekani walikuwa na shida hiyohiyo na wakaitatua kwa posta. Mwaka wa 1942 walifungua taasisi ya jeshi mjini Madison, jimbo la Wisconsin, ambayo baadaye iliitwa United States Armed Forces Institute. Ilishirikiana na kitengo cha masomo ya nje cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho kilikuwa na uzoefu wa kufunza kwa barua. Askari alisoma kijitabu chake, akajibu maswali, akatia ndani ya bahasha, akaendelea na vita. Taasisi hiyo ilidumu hadi 1974.

Likumbuke hilo jina la Wisconsin, tutalirudia.

Hapa Kenya, baada ya vita, masomo ya posta yalikuwa biashara. Zilikuwepo kampuni kama British Tutorial College na Rapid Results College, na karani yeyote mwenye hamu alijua anwani zake. Tom Mboya naye alipitia njia hiyo: katika miaka ya mwanzo ya 1950, akiwa mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi na huku akijenga chama cha wafanyakazi, alisoma kwa posta na chuo cha Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955. Kazi mchana, chama jioni, vitabu usiku. Lakini Mboya wakati huo hakuwa na mke, jambo ambalo wanaomtaja kama mfano husahau kulisema. (Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilimtaja kwa dada, na dada akanijibu hivyo hivyo.)

Sasa turudi Wisconsin. Baada ya uhuru, Kenya ilikuwa na maelfu ya walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Kuwatoa wote madarasani wakasome kungefunga shule. Mwaka wa 1967, kwa msaada wa USAID na kitengo kilekile cha masomo ya nje cha Wisconsin, kilianzishwa Kitengo cha Masomo ya Posta katika Taasisi ya Masomo ya Watu Wazima ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, makao yakiwa Kikuyu. Mwalimu alipokea vijitabu kwa posta, akasikiliza vipindi katika Sauti ya Kenya, akatuma majibu, yakasahihishwa na kurudishwa. Mwalimu wa daraja la P3 akifaulu mtihani wa kitaifa alipanda kuwa P2, na mshahara ukapanda naye.

Ukitazama njia hiyo kwa macho ya mtengenezaji programu, ni ramani ya kupendeza. Maktaba iliyojaribiwa kwa askari wa Marekani ilichukuliwa, ikaongezewa redio, ikafanya kazi kwa mwalimu wa kijijini mwenye taa ya mafuta. Iliweza kuhama kwa sababu haikutegemea mwanafunzi awepo mahali fulani saa fulani. Barua hukaa. Ukiwa shambani inakungoja, mtoto akiugua inakungoja. Kasoro zilikuwa nyingi: majibu yalichelewa majuma mengi, vitabu vilipotea njiani, wengine walikata tamaa. Kipindi cha redio tu ndicho kilichokuwa na saa yake, na hata ukikikosa kijitabu bado unacho.

Nitapita haraka miaka iliyofuata. Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali. Majirani zetu Tanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka wa 1992. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, iliyopeperusha masomo kwa setilaiti, na mwaka wa 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Setilaiti ilikuwa ghali, na ilikulazimu ufike kwenye kituo kipindi kikianza. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia chini ya bahari, na tangu hapo kila mtu akaanza kusema umbali umekufa.

Haukufa. Ulibadilisha jina tu, ukaitwa muda.

Na hapa inabidi nimtaje Martin Dougiamas. Ndiye aliyeandika Moodle, programu huria ambayo vyuo vingi vya hapa kwetu huendeshea masomo ya mtandao. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka wa 2002, alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Curtin, Australia. Jamaa huyu alikulia jangwani, Australia Magharibi, ambako utotoni shule yake ilikuwa redio ya masafa na vifurushi vilivyoletwa kwa ndege. Yaani msingi wa kitu hiki uliwekwa na mtoto wa masomo ya mbali! Haishangazi kwamba programu ya simu ya Moodle inaweza kupakua masomo ukasoma bila mtandao, na kwamba mhadhiri anaweza kuruhusu jaribio lifanywe nje ya mtandao kisha majibu yapelekwe baadaye. Lakini ruhusa hiyo haijawashwa mpaka mhadhiri mwenyewe aiwashe, na haifanyi kazi kwa jaribio lililowekewa kikomo cha dakika.

Niliposoma hayo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana nilikumbuka fomu ya mikopo niliyoandikia sacco moja, ambayo humtoa mtumiaji nje baada ya dakika 15 bila kuhifadhi alichojaza. Niliweka 15 kwa sababu mfano nilionakili ulikuwa na 15. Sikufikiria mtu anayejaza fomu huku akinyonyesha, au akiwa juu ya kilima huko Mwala akitafuta mtandao. Yule mhadhiri na mimi ni ndugu wa tumbo moja.

Kuna jambo jingine la hapa nyumbani. Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, na makao yake ni Konza. Jeshi nalo lina chuo kikuu chake, National Defence University, kilichopata hati mwaka wa 2021. Kwa hivyo chuo cha mtandao kipo na chuo cha wanajeshi kipo, na tangu Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011 kumekuwa na wanajeshi wengi wanaokaa miezi mingi mbali na nyumbani. Ningependa kuona nani atakuwa wa kwanza kuandika, kwenye kanuni zake za mitihani, kwamba mwanafunzi aliye kazini mahali pasipo na mtandao anahesabiwa siku zake tofauti. Ni mistari miwili ya kanuni. Kwenye hifadhidata ni safu moja tu ya ziada.

Sasa, hizo wiki tatu nilizopotea. Niliandika programu ndogo ya Python inayoingia kwa akaunti ya shemeji, kwa idhini yake, ikapakua vitini vyote vya muhula na kugeuza video za mihadhara kuwa sauti. Mhadhara wa saa moja uliokuwa megabaiti 400 sasa ni megabaiti 11, na muhula mzima umeenea kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Dada naye nikamwekea jedwali la tarehe za kuwasilisha, tukazilinganisha na zamu zake za kazi hospitalini na siku za mtoto za kliniki. Tulipomaliza tuliona juma moja la Novemba ambalo haliwezekani kabisa, kwa mtu yeyote, na tukalizungushia wino mwekundu. Hilo ndilo tulilomwandikia mhadhiri, pamoja na maelezo ya kuwasha ile ruhusa ya jaribio nje ya mtandao. Safari hii dada ndiye aliyeiandika barua, mimi nikasahihisha upande wa kiufundi tu. Hajajibu bado.

Kadi yenyewe inasafiri Jumatatu asubuhi. Mwenzake shemeji alikuwa likizo huku Masii na anarudi kazini, atapitia stendi ya Machakos saa kumi na mbili na nusu. Dada ameitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina juu, na mtoto akaongeza mchoro wake wa ng'ombe mwenye miguu mitano. Swali la kuendelea au kuacha bado liko mezani. Mabati tumeyasogeza hadi Disemba.