Kukosa usingizi: mashini ya sikio, na kile kinachopatikana Walikale

Ni mashini ndogo, ukubwa wa telefone, yenye waya mwembamba na kibanio cha kushika sikio. Inapitisha kuran kidogo sana kwenye ngozi, mtu anasikia kama wadudu wanatembea. Hakuna kupasua, hakuna sindano, hakuna kidonge. Kwenye intaneti mashini za namna hii zinatangazwa kama dawa ya watu wanaokesha bila kutaka. Kwa mkaaji wa Njingala, pale barabara inapoachana na njia ya msitu ya kuelekea Bisie, maswali ni mawili: inasaidia kweli? Na kama haipatikani, hapa kuna nini?

Kwanza, si kila anayekesha ni mgonjwa. Wanganga wanasema mtu ana ugonjwa wa kukosa usingizi pale anapopata nafasi na saa za kulala, lakini usingizi hauji ama unakatika, angalau usiku tatu kwa juma, kwa miezi tatu ama zaidi, na mchana anachoka, anakasirika, anasahau. Mama aliyekimbia na kulala na watoto sita kwenye darasa la shule, penye kelele na baridi, anakosa mahali pa kulala. Huyo anahitaji mkeka, blanketi na usalama. Mashini ya sikio haiwezi kumsaidia.

Lakini kuna wale ambao mahali wanapo, na bado macho yako wazi hadi saa tisa ya usiku. Bisie na vijiji vyake vina sababu nyingi za hilo. Kasiterite ilianza kuchimbwa pale kwa mikono karibu mwaka 2002. Kwa miaka watu walifanya kazi ndani ya mashimo bila kujua kama nje ni usiku ama mchana, wengine walibeba mizigo ya kilo 50 kupita msituni, na wenye silaha walikuwa juu yao. Kampuni ya Alphamin Bisie Mining ilianza kutoa bati mwaka 2019. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025 ilisimamisha kazi juu ya M23 waliokuwa wanasonga mbele. Siku chache baadaye mji wa Walikale ukaanguka mikononi mwao. Mwezi wa nne waliondoka mjini, na mgodi ukaanza tena pole pole. Lakini mwili uliojifunza kusikiliza milio ya risasi hauachi kusikiliza siku ileile bunduki zinaponyamaza.

Hapo ndipo hadithi ya sikio inaingia. Mshipa wa fahamu unaoitwa vagusi unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unashuka kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ni moja ya njia ambazo ubongo unatumia kuupunguzia moyo mbio na kuutuliza mwili. Tawi lake dogo linafika kwenye ngozi ya sikio; ndiyo maana watu wachache wanakohoa wanaposafisha sikio. Tangu mwaka 1997 Marekani iliruhusu mashini inayowekwa kifuani kwa kupasuliwa, ikigusa vagusi shingoni, kwa wagonjwa wa kifafa. Wazo la mashini ya sikio ni kufikia mshipa huohuo kupitia ngozi.

Matokeo? Yanatia moyo, lakini ni machache. Utafiti uliotoka mwaka 2024 kwenye jarida la JAMA Network Open ulifuata watu 72 nchini China waliokuwa na ugonjwa huu wa muda mrefu. Nusu walipata mashini ya kweli, nusu matibabu ya kuigiza, dakika 30 mara mbili kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma 8. Usingizi ulipimwa kwa alama za Pittsburgh, kutoka 0 hadi 21. Alama nyingi maana yake usingizi mbaya. Wa mashini ya kweli walishuka kama alama 8.2, wale wa kuigiza 3.9.

Hesabu ya pili isipitwe haraka. Karibu nusu ya nafuu ilionekana pia kwa wale ambao hawakupata matibabu ya kweli. Tumaini, saa zilizopangwa, mtu wa kukuuliza ulilalaje, hata muda wenyewe kupita: hivyo navyo vinafanya kazi. Tofauti iliyobaki ni ya mashini, na ni ya maana. Ila watu 72 ni wachache, na hawakuwa wakimbizi wa vita.

Iko pia mashini nyingine, ya kupitisha kuran kichwani, ambayo mizizi yake ni majaribio ya Urusi ya Kisovieti. Marekani mwaka 2019 iliipanga kati ya vyombo vya kukosa usingizi na wasiwasi, kwa ruhusa ya munganga. Hata hivyo mwongozo wa wanganga wa Ulaya wa mwaka 2023 bado unaweka mbele matibabu ya mazungumzo na kubadili mazoea ya kulala, kabla ya vidonge na kabla ya umeme.

Jambo moja lisemwe bila kuzunguka: mtu asijaribu kuitengeneza mwenyewe. Waya wa batri ya pikipiki ama wa plaki ya jua hauna kipimo. Kwenye sikio unaunguza. Shingoni unaweza kuvuruga moyo. Hata mashini iliyotengenezwa vizuri haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa ama mimba bila munganga kukubali.

Na vidonge? Diazepamu inalaza, ni kweli. Lakini mwili unaizoea, kuiacha ghafla kuna hatari, na ikichanganywa na lotoko inaweza kukata pumzi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013 kwamba vidonge vya kundi hilo visitolewe kwa mtu mzima aliyekosa usingizi ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupatwa na jambo la kutisha. Lilishauri mazoezi ya kutuliza mwili na mafundisho juu ya kulala.

Mafundisho hayo hayahitaji kuran. Wala hayahitaji daktari mkubwa. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa wanawake 405 wa vijiji vya Kongo mashariki waliotendewa jeuri ya ngono. Waliotibiwa kwa mazungumzo ya kikundi, yakiongozwa na wasaidizi Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo, walipona zaidi: miezi sita baadaye asilimia 9 tu walibaki na dalili za huzuni nzito ama wasiwasi, dhidi ya 42 kwa waliopata msaada wa kawaida. Ule haukuwa utafiti wa usingizi. Ulionyesha kwamba matibabu ya mazungumzo yanaweza kushika mizizi hapa hapa.

Kwa usingizi wenyewe, kazi inaanza asubuhi: kuamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Mchana kutolala sana. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kuhesabu madeni. Ukipita muda wa kama dakika 20 bila usingizi, mtu anaamka, anakaa pembeni kimya, anarudi macho yakiwa mazito. Kwenye nyumba ya chumba kimoja, ama pale kutoka nje usiku ni hatari, inatosha kukaa kwenye kiti na kuacha mkeka. Kahawa iishie saa sita ya mchana. Lotoko inaleta usingizi haraka na kuukata katikati ya usiku. Habari za vita nazo zisisikilizwe kitandani, hata zile za redio hii.

Pumzi pia inasaidia: kuvuta pole pole kwa pua, kisha kutoa kwa muda mrefu zaidi, dakika tano ama kumi. Moyo unapunguza mwendo kila mtu anapotoa pumzi, na anayefanya kazi hiyo ni vagusi yuleyule wa mashini, bila kulipa franga.

Wanganga pia wanapunguza saa za kukaa kitandani ili usingizi ujikusanye. Hiyo isifanywe peke yako na mwenye kifafa, dereva wa pikipiki wala anayeshuka shimoni: siku za kwanza zinaleta kusinzia, na kusinzia chini ya mwamba kunaua.

Anayekoroma na kukata pumzi usingizini, anayeota vita kila usiku, ama aliyekwisha kupita miezi tatu hivi, aende kituo cha afya na aulize kama kuna msaidizi wa kisaikolojia katika eneo lile la afya. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake usiku huo. Mtu wa nyumba akae naye hadi asubuhi, kisha amsindikize.